Kitambaa Chekundu Shingoni mwa Kanzu

Jang'ombe, Unguja
Jumatano, baada ya alasiri

Dada yangu Tausi,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama utaiacha nusu uende kuangalia sufuria, na mimi nataka uisome yote. Mgongo unaendeleaje? Na ile dawa ya kuchua, imesaidia au imeishia kunukisha nyumba? Mimi mwili wangu mzima, nakula, nalala, sina homa. Watu wakikuuliza habari zangu waambie hajambo. Wewe peke yako nitakwambia mengine.

Barua yako niliipata. Umeniuliza neno moja tu, kama ilivyo kawaida yako: narudi Kilosa au sirudi? Shemeji amenitafutia kibaraza karibu na stesheni, cherehani ipo, na unataka jibu kabla ya mwezi wa kufunga. Jibu ninalo, ila siwezi kukupa hivihivi. Kwanza nikueleze nilichofanya huku, halafu ndipo utajua unamkaribisha mtu wa namna gani.

Unajua kuwa nakata kanzu kwenye karakana ya Mkunazini, ghorofani, katika nyumba ya zamani yenye kuta nene. Nyumba hizi za Mji Mkongwe zimebanana mno, jirani akipiga chafya wewe ndiye unayepangusa uso. Chumba chetu kina madirisha mawili. Moja linatazama ukuta wa jirani, ni dirisha kwa jina tu. Jingine linatazama uchochoroni na linapata jua tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Tupo watu saba. Mimi nakata, Mwanaidi na wenzake wanashona kwa cherehani, mmoja anapiga pasi, na darizi ya shingoni, ile nakshi ya mkono inayofanya kanzu iitwe kanzu, ilikuwa kazi ya Bi Zuwena.

Mwaka jana tajiri wetu alimkabidhi karakana mtoto wa ndugu yake, Mansour, aliyekuwa Japani miaka mingi kwenye kiwanda cha magari. Nilidhani atakuja na mashine mpya. Alikuja na ubao mweusi kama wa shule, chaki, na kadi za manila. Akatutazama tunavyofanya kazi siku tatu bila kusema kitu, amekaa kwenye kigoda, anaandika. Siku ya nne akaniuliza kwa nini nimekata lundo la kanzu linalofika kiunoni na Mwanaidi ana kanzu moja tu kwenye cherehani. Nikamjibu kuwa mimi ni fundi, nikikaa bure mkono unauma. Akacheka. Akasema huko alikotoka gari haliwekewi mlango mpaka mwenye kazi ya mbele auombe.

Basi tangu siku hiyo nakata kwa kadi. Mwanaidi akimaliza kanzu aliyonayo, kadi yake ya kijani inarudi mezani kwangu, ndipo nashika mkasi. Bila kadi sikati. Mwanzoni nilikasirika, dada, nilijiona kama mpishi anayeambiwa apike wali punje kwa punje. Lakini kusema kweli lundo likaisha, saizi zikaacha kuchanganyika, na mteja akiambiwa Jumamosi ni Jumamosi. Hata zile sare za hoteli ya Kendwa, ambazo zamani zingetufanya tugombane, zilitoka bila mtu kupandisha sauti.

Kila asubuhi tunasimama mbele ya ubao. Hakuna kukaa, ili maneno yasirefuke. Kila mtu aseme jana alifanya nini, leo atafanya nini, na kitu gani kinamkwamisha. Hapo kwenye kukwama ndipo penye mambo. Mansour anazunguka na chaki mkononi, anauliza mmoja mmoja, na mmoja mmoja wanajibu: "Hakuna, alhamdulillahi." Cherehani imekatika mkanda: hakuna, alhamdulillahi. Mtoto anaumwa nyumbani: alhamdulillahi. Siku moja Mansour aliweka chaki chini akasema, "Jamani, haiwezekani watu saba wazima wiki nzima wasiwe na tatizo." Bi Zuwena akamjibu kwa upole, "Tushukuru, baba."

Mimi ndiye niliyevunja mwiko. Nilisema mkasi wangu umekufa makali. Mansour alifurahi utadhani nimemposea mke, na kabla ya adhuhuri nilikuwa na mkasi mpya. Nikaona kumbe kusema kunalipa. Tangu hapo nikawa mwanafunzi bora wa ule ubao, na ndipo nilipopotelea.

Sasa nikwambie kuhusu Bi Zuwena, maana sikuwahi kukuandikia habari zake vizuri. Labda niliona utahisi nimepata dada mwingine. Ni mama mtu mzima, wa ukoo wa Kiarabu wa hapa mjini. Walikuwa na mashamba ya karafuu. "Mashamba yalikwenda, mkono ukabaki," aliniambia siku moja, akacheka. Sasa anakaa huku Jang'ombe, vichochoro viwili kutoka chumba changu, peke yake. Alikuwa ananiita "mwanangu wa bara". Ramadhani iliyopita alinipelekea futari tangu mwezi mosi mpaka mwezi ulipoandama, bakuli limefunikwa kawa, na hata nikirudisha bakuli tupu ananigombeza kwamba sikula vya kutosha. Kila siku kabla ya kuondoka kazini alikuwa ananiuliza, "Rajabu, ushakula?" Mimi nina umri huu, dada, nina mvi, na lile swali lilikuwa linanifikisha nyumbani salama.

Katika utaratibu wa Mansour kuna kitu kinaitwa kitambaa chekundu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekata vile vitambaa, kutoka kwenye kanga kuukuu. Yeyote akiona kosa anakibana na pini pale penye kosa, na wote wanasimamisha kazi mpaka chanzo kijulikane. Anatafuta chanzo kwa kuuliza kwa nini mara tano, kila jibu linazaa swali. Alituapia kwamba hapa haulizwi mtu, unaulizwa mshono. Mimi nilishabaniwa mara mbili kwa kukata mikono mirefu mno, nikacheka, tukagundua futi yangu imevutika kwa uzee, tukaitupa. Sikuona aibu yoyote. Na kwa kuwa nilikuwa nakaa nikingoja kadi, Mansour akaniongezea kazi ya kukagua zilizokwisha kabla hazijakunjwa.

Siku moja, Mwanaidi akiwa hayupo, amekwenda mazishini Fumba, ilinifikia kanzu ambayo darizi yake ilikuwa imetoka kwenye mstari. Si kidogo. Nakshi ilianza vizuri begani, halafu ikashuka, ikapanda, ikapotea. Nikatazama nyingine, nayo vilevile. Nitakuwa mkweli kwako: nilijua ni mkono wa nani. Shingoni hapashonwi na mtu mwingine. Nikajiambia haulizwi mtu, unaulizwa mshono. Na kwa chini chini, dada, nilitaka nionekane. Niliwaona wenzangu wavivu wa kusema, mimi ndiye mwenye jicho. Nikabana kitambaa chekundu.

Tukasimama mbele ya ubao, saa tatu asubuhi. Mansour akaishika ile kanzu kwa heshima, akauliza taratibu.

"Kwa nini mshono umetoka mstarini?"

Bi Zuwena akasema, "Uzi uliteleza."

"Kwa nini uliteleza?"

"Sindano sikuishika vyema."

"Kwa nini, Bi Zuwena?"

"Nlikuwa nnafanya haraka."

"Kwa nini haraka, na kadi zinakuja moja moja?"

Alitutazama wote, mmoja baada ya mwingine, na mimi akanitazama mwisho. "Kwa sababu mstari siuoni, baba."

Mansour hakuuliza la tano. Bi Zuwena akachomeka sindano kwenye kijimto chake, akakunja kitambaa cha magotini, akavaa buibui lake bila haraka, akatuaga kwa salamu kama mtu anayeondoka jioni. Hatukusikia hata hatua zake kwenye ngazi. Hajarudi tena.

Mwanaidi alipokuja kesho yake na kusikia, hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alikaa kwenye cherehani yake akaanza kutunga uzi, akasema bila kuniangalia, "Miezi hii yote, Bi Zuwena akenda kuswali adhuhuri, mie nilikuwa nnafumua alipokosea nnashona upya, nnarejesha pale pale. Hawa wote wanajua."

Nikamuuliza, "Na yeye alikuwa hajui?"

"Asijue mkono wake? Alikuwa akirudi, akiipapasa ile shingo, ananambia ahsante mwanangu, kama nimempa maji." Akakanyaga cherehani kidogo, akaiacha. "Tulikuwa tunaona, Rajabu. Si wewe peke yako mwenye macho. Tulikuwa tunamsitiri."

Najua kusitiri ni nini, nilifundishwa na wewe. Uliwahi kufumua suruali nzima niliyoiharibu, ukamwambia mwenyewe kwamba umechelewa kwa sababu ya mgongo. Nilikuwa na umri wa kuelewa na nilielewa. Lakini nilipofika huku, nikapewa kitambaa chekundu na mtu akanisifu, nikasahau.

Tangu hapo wananijibu salamu. Hilo siwezi kuwanyima, watu wa hapa hawaachi salamu ya mtu ikaanguka chini. Chai ya saa nne kikombe changu kinamiminwa na sukari wanajua kiasi. Ila nikikikaribia yale mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua na bei ya samaki. Hakuna anayenionyesha uso mbaya, na ndiyo maana siwezi hata kugombana. Nikirudi Jang'ombe nasikia nyumba za watu zinavyocheka nyuma ya mapazia, nakaa kitandani nakula mkate kwa chai, na hakuna anayeniuliza kama nimekula. Upweke wa siku zile za mwanzo nilipokuja nilikuwa nimeuzoea, ulikuwa wa mgeni. Huu wa sasa nimejishonea mwenyewe, saizi yangu hasa.

Haijaisha. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye meza yangu nangoja kadi. Meza yangu ipo dirishani, kwenye lile dirisha lenye jua, ndipo Mansour alipoiweka aliponipandisha kutoka chumba cha chini nilikokuwa nakatia zamani, akaupanga upya mstari wa kazi: mkataji kwanza, halafu cherehani, halafu darizi katikati ya chumba, halafu pasi. Nikawa natazama tu ubao wa dirisha, nikaona umejaa vitundu. Vidogo, vingi, vimekaa pamoja mahali pamoja. Nikaweka kidole. Ni vitundu vya sindano, dada. Mtu amekuwa akichomeka sindano yake hapo miaka na miaka.

Nikamuuliza Mwanaidi kabla yangu hapa alikaa nani.

"Bi Zuwena. Tangu mumewe yu hai."

"Mbona hakusema alipohamishwa?"

"Angesema nini? Wewe mgeni, ushawekewa meza. Akuinue?"

Na kila asubuhi tulisimama pale, Mansour akamuuliza kitu gani kinamkwamisha, naye akasema hakuna, alhamdulillahi, mimi nikiwa nimekaa kwenye mwanga wake. Macho yake ni ya mtu mzima, hilo kweli, lakini dirishani yalikuwa yanamtosha. Kule katikati ya chumba, nyuma ya cherehani, hata mimi nilijaribu kutunga sindano nikashindwa.

Nilimwambia Mansour siku hiyo hiyo. Alikaa kwenye kigoda chake, akasema, "La tano nililifikiria. Kwa nini huoni? Nikaona haya kumuuliza mtu mzima." Basi tazama mambo, dada. Siku aliyotakiwa kunyamaza aliuliza mara nne, na swali moja lililokuwa na faida ndilo alilolisitiri. Simchukii. Alikwenda na shangazi yake kwa Bi Zuwena kuomba radhi, wakapokewa vizuri, wakapewa kahawa na halua, wakaambiwa anapumzika tu.

Mimi nimekwenda mara mbili. Nimepiga hodi mpaka jirani akachungulia. Mlango haukufunguliwa na hodi haikuitikiwa. Nilipomsimulia Mwanaidi akasema, "Mansour ni tajiri wake. Wewe alikuwa anakupikia." Halafu akarudi kwenye cherehani yake. Ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyoniambia kwa wiki nzima.

Jana nilibaki nyuma baada ya kazi nikaihamisha meza yangu peke yangu. Nzito kama jeneza, nilivunja na kucha. Nimeiweka kule karibu na ngazi. Mansour alipofika leo akatazama, akafuta mchoro wake ubaoni akachora mwingine. Pale dirishani sasa pana kiti kitupu na kile kijimto cha sindano.

Nisalimie mama mkubwa, umwambie ile kanga aliyoniagiza nimeshaipata na ni ya rangi aliyoitaka, asianze kunisengenya. Msalimie shemeji sana, mshukuru kwa kile kibaraza, mwambie asikikabidhi kwa mtu kwa sasa lakini asikizuie kwa ajili yangu pia, yeye atajua la kufanya. Wasalimie mjomba wa mabati, na mke wa marehemu kaka, na yule binamu yetu wa reli ambaye hakuwahi kunisalimia lakini msalimie tu. Mpwa wangu mwambie nguo yake ya harusi naikata mimi, popote nitakapokuwa, asipeleke vipimo kwa mtu mwingine.

*

Ijumaa

Dada, barua nilikuwa nimeshaikunja. Nimeifungua tena, samahani kwa makunyanzi.

Leo baada ya sala ya Ijumaa nilipita tena kwa Bi Zuwena. Nikapiga hodi mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Ya tatu nikasikia kiti kimesogea ndani, kisha sauti nyuma ya mlango, karibu kabisa:

"Nani?"

"Rajabu, Bi. Nimekuja kumwona Bi Zuwena."

"Bi Zuwena hayupo."

Ni yeye, dada. Sauti yake naijua kama yako. Mimi wa mwezi uliopita ningesema, lakini Bi, si ni wewe. Ningebana pini.

Nikasema, "Basi akirudi mpeni salamu zangu. Mwambieni naomba radhi, na sina la kujitetea. Na mwambieni kiti chake nimekirudisha dirishani."

Nikadhani ameondoka. Nilikuwa nimeshageuka aliposema:

"Na meza yako umeitia wapi?"

"Karibu na ngazi, Bi."

"Kule kuna kiza. Utajikata."

"Nitazoea."

Naye akasema, "Haya. Akija ntamwambia." Na kabla sijafika mwisho wa uchochoro nikasikia kwa nyuma, kupitia mlango ule ule uliofungwa: "Rajabu, ushakula?"

Nikajibu kuwa bado. Sikudanganya. Mlango haukufunguliwa, nami sikungoja ufunguliwe, nimekuja moja kwa moja kukuandikia.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Usinitazamie mwezi huu wa kufunga, wala usimwambie shemeji kwamba nimekataa. Nitapita tena pale Ijumaa ijayo, na inayofuata. Siwezi kuondoka Unguja na Bi Zuwena bado hajarudi nyumbani kwake.

Mdogo wako, mwenye kukukumbuka kila siku,
Rajabu